Bado Unaendesha?

Mume wangu alipotolewa mfuko wa nyongo, majirani walikuja kunipa pole na kunipongeza kwa mkupuo mmoja. "Umepata bahati, mama," walisema, "mwanamume asiye na nyongo! Huyo hatakasirika tena mpaka anaingia kaburini." Niliwamiminia chai, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Yule bwana hajawahi kuwa na nyongo. Nyongo yote ya nyumba hii ni yangu, na wala sina mpango wa kuitoa.

Namwita Dereva. Si jina lake, ni kazi yake, lakini nilianza kumwita hivyo siku nilipopanda gari lake kwa mara ya kwanza, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye viatu vipya na barua ya ajira mkononi, na ulimi wangu ukazoea. Binti yetu amezaliwa, amekua, ameolewa, baba yake bado ni Dereva. Naye ananiita Mama Vitabu, tangu enzi ambazo sikuwa mama wa mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na sita tulifanya kazi ndani ya gari moja, gari la maktaba, ambalo wasomaji waliliita Kobe kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni na halikuwa na haraka.

Nataka mlijue hilo gari, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini baadaye nilipandwa na hasira kiasi kile. Upande wa kushoto zilikaa hadithi, upande wa kulia vitabu vya elimu, na nyuma kabisa, chini, palipofikiwa na mikono mifupi, vitabu vya watoto. Rafu zilikuwa zimeinamishwa kidogo kwa nyuma ili vitabu visimwagike barabarani. Hata hivyo, Dereva alipokuwa likizo na wakatuletea dereva wa kushikiza, vitabu vilimwagika kwenye kona ya kwanza tu. Kwa Dereva havikumwagika. Alikuwa akikanyaga breki kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

Ndani mlinukia karatasi, petroli na dawa ya kung'arishia sakafu. Saa sita mchana tuliegesha nyuma ya posta, tukala mkate na mayai ya kukaanga kutoka kwenye kopo moja, mimi nikisoma kwa sauti huku nikitafuna. Dereva hakupenda kusoma mwenyewe, alisema macho yake ni ya barabara, lakini nikiruka ukurasa alijua papo hapo. "Rudi nyuma, Mama Vitabu. Huyo mjomba amefikaje sokoni?" Hata kuniposa aliniposa pale pale, kati ya sura ya nne na ya tano. Alisema, "Malizia sura, halafu nina neno." Nikamwambia aanze na neno. Ile sura ya tano hatujaisoma hadi leo.

Basi. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Walimtoboa matundu manne madogo tumboni, wakatoa kifuko pamoja na mawe yake, na siku ya pili akarudi nyumbani na amri mbili: asinyanyue kitu kizito, na asiendeshe gari mpaka kliniki iseme. Yale maumivu ya kumkunja kama karatasi yakaisha kabisa. Tukashukuru.

Halafu likaja hili jingine. Watu husema jambo limetumbukia nyongo pale linapoharibika. Letu liliharibika nyongo ilipokosa pa kukaa. Kila akila, kabla sijatoa sahani mezani, Dereva anainuka. "Naangalia bomba la uani," anasema. Bomba letu halijawahi kuangaliwa kiasi kile. Tumbo lake lilinguruma mpaka nalisikia nikiwa jikoni, likajaa gesi, likavimba, kisha ni mbio. Mara nne, mara tano kwa siku. Ni maji tu, ya manjano, na yalimuunguza. Mayai akaacha kuyagusa. Siagi aliitazama kama mtu anayetazama picha ya rafiki aliyehama.

Mimi nilimuuliza, msidhani sikumuuliza.

"Hii hali kliniki wanaijua?"

"Wananiuliza kila nikienda."

"Wanasemaje?"

"Wanasema vizuri."

Nikaamini. Nilijiambia kwamba ikiwa watu waliosomea matumbo wamesema vizuri, mimi niliyesomea kupanga vitabu ni nani nibishe. Mwezi ukaisha, wa pili, wa tano. Dereva aliacha kwenda kucheza drafti kwenye banda la fundi viatu, kwa sababu banda halina choo. Akaacha kwenda kwa kinyozi, nikawa namnyoa mimi, tena vibaya. Binti yetu akitualika kwake chakula cha Jumapili, baba yake ana mafua. Mafua gani hayo ya kila Jumapili? Mtu aliyeijua kila barabara ya mji huu na kila shimo lililomo alikuwa sasa anaishi kati ya chumba cha kulala na mlango wa uani.

Barua ilifika mwezi wa nane baada ya upasuaji. Iliandikwa na mkuu wa maktaba, ambaye namkumbuka akiazima kwetu vitabu vya picha enzi ambazo meno yake mawili ya mbele hayakuwapo. Alisema Kobe anastaafu. Injini imetengenezwa kwa safari moja ya mwisho, njia ile ya Jumanne, vituo vyote kwa mpangilio wa zamani, halafu ataingizwa kwenye uwanja wa maktaba, atolewe magurudumu, awe chumba cha watoto cha kusomea. "Tunawaomba mje wenyewe," aliandika, "Dereva kwenye usukani na Mama Vitabu pembeni yake."

Niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Moyo uliniruka. Nilishaanza kuwaza gauni nitakalovaa.

"Waambie macho yangu hayaoni vizuri," Dereva akasema, akainuka kwenda kuangalia bomba.

Macho! Yule mtu jana yake tu alikuwa amemwona sisimizi kwenye dari na kunionyesha anakoelekea. Aliporudi nilimpasha. Nilimwambia mengi, mengine hata hayakuhusu gari. Yeye akanyamaza na kupangusa mikono, na hilo likanichoma zaidi, maana mimi nikigomba nataka mtu wa kugombana naye. Nikamnunia. Siku tatu nilipika, nikaweka mezani, nikageuka. Msidhani nilikuwa na hasira tu. Niliumia. Ile ilikuwa miaka mizuri kuliko yote niliyopewa, na nilimwona anaitupa kama karatasi iliyofungia mkate. Nilijiuliza kama yeye aliwahi kuipenda, au muda wote alikuwa kazini tu na mimi nilikuwa mzigo uliopakiwa pamoja na vitabu.

Siku ya nne asubuhi alinifuata jikoni, akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango kama kawaida yake mpya.

"Si macho," alisema. "Ni tumbo."

"Tumbo si kliniki wanalijua?"

"Hawalijui."

Nikaweka kisu chini. "Dereva, si umeniambia wanakuuliza kila ukienda?"

"Wananiuliza kama naendesha."

"Ndiyo! Wewe unawajibu nini?"

"Nawajibu siendeshi."

"Unawaambia huendeshi?"

"Ulitaka niseme naendesha, na wao ndio walionikataza?" Sasa naye sauti ilikuwa imepanda, jambo ambalo hutokea mara moja kwa miaka. "Tena nitakwambia ukweli. Mwezi ule wa kwanza niliendesha, mara moja tu. Gari la mkwe wako lilikuwa limeziba geti, nikalisogeza. Hatua kumi hazifiki! Nilipokwenda kliniki yule sista akanikazia macho, 'Baba, unaendesha?' Nikajua habari zimemfikia. Nikamwapia kabisa kwamba siendeshi. Na kila nikirudi anauliza hilo hilo. Sijui kwa nini haniamini."

Nilitazamana naye. Nikaingia chumbani, nikafungua droo, nikatoa daftari lake la kliniki, ambalo kwa miezi minane sikuwahi kulifungua kwa sababu mambo ya mwili wake niliyaona ni ya kwake. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu makini. Ziara ya kwanza: *Vidonda vimefunga. Anakula. Haendeshi.* Ziara ya pili: *Haendeshi.* Ya tatu: *Haendeshi kabisa, anasisitiza.* Ya nne: *Hana tatizo la tumbo. Haendeshi.*

Nilirudi jikoni nalo mkononi nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Nilishika meza. Dereva alinitazama akidhani nimepata wazimu wa uzeeni.

"Choo," nilimwambia nilipopata pumzi. "Alikuwa anakuuliza choo, Dereva. Kama unaharisha."

Akalichukua daftari, akalitazama kama ramani iliyochorwa vibaya.

"Mtu mzima," akasema polepole, "anaulizwaje mambo ya choo kwa neno la usukani?"

Nikacheka tena, kisha katikati ya kicheko nikaanza kulia, na sikuweza kujizuia. Miezi minane. Ningemuuliza swali moja zaidi zingekuwa wiki mbili. Mimi ndiye mtu wa maneno katika nyumba hii. Nimepanga maneno ya watu kwenye rafu maisha yangu yote, na neno moja lilikaa juu chini mbele ya pua yangu na sikuligeuza. Nilimwomba radhi. Yeye akasema bora kosa ni la neno, kuliko lingekuwa la dawa, akainuka haraka, na safari hii hakutaja bomba.

Kesho yake nilikwenda naye kliniki. Sista alikuwa binti mchangamfu mwenye kalamu sikioni, mwenye haraka kidogo, lakini mwenye heshima. Tulikaa kwenye benchi mpaka zamu yetu, Dereva akiwa ameketi ukingoni na jicho lake likiwa kwenye mlango wenye alama ya mwanamume.

"Karibu, baba yangu," sista akasema, tayari anafungua daftari. "Bado huendeshi?"

Dereva alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba aseme.

"Naendesha," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa mahakamani.

"Loo! Tangu lini, baba?"

"Tangu nikiwa na miaka kumi na tisa."

Kalamu ilimwanguka yule binti. "Kumi na tisa?"

"Leseni ninayo," Dereva akasema, hofu ikiwa imemrudisha kwenye usukani, na mkono ukawa umeshaingia mfukoni.

Hapo ikabidi niingilie. Nilieleza kila kitu tangu mwanzo, na nikiri kwamba nilikuwa nimepanga kugomba. Nilikuja na maneno yangu makali nimeyapanga vizuri tangu nyumbani. Lakini sista aliziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka kidogo, kisha macho yake yakajaa machozi, akasimama kabisa. "Nisamehe, baba. Kila siku nawauliza watu themanini neno hilo hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa dereva." Maneno makali niliyokuja nayo nilirudi nayo nyumbani.

Daktari alimpima damu, akapima na choo, akasubiri majibu ili awe na hakika kwamba hakuna jambo jingine limejificha. Siku tuliyorudi alituchorea kwenye karatasi. Nyongo, alisema, inatengenezwa na ini, si na kile kifuko. Kifuko kilikuwa ghala tu. Sasa ghala halipo, nyongo inadondoka kwenye utumbo mchana kutwa, chakula kiwepo kisiwepo. Watu wengi, utumbo unazoea. Wengine, nyongo inapita hadi chini kabisa, inavuta maji, na ndiyo hizo mbio. Akampa dawa ya unga, ya kukoroga kwenye maji, ambayo huikamata ile nyongo ikiwa ndani. Akamwonya asiinywe pamoja na vidonge vyake vya presha, vipishane kwa saa kadhaa. Ale kidogo kidogo, mafuta apunguze. "Siahidi muujiza, mzee," akasema. "Itakusaidia, lakini tutahitaji muda kujua kipimo chako."

"Na kuendesha?" Dereva akauliza. "Gari, namaanisha. Gari."

Daktari akapekua daftari. "Gari ungeruhusiwa tangu ile ziara ya kwanza. Ila hapa imeandikwa mwenyewe umesema huendeshi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kabla ya safari ya Kobe. Unga wenyewe ulikuwa kama kunywa mchanga, na wiki ya kwanza ulimfunga kabisa mpaka tukapiga simu wakapunguza kipimo. Halafu mambo yakaanza kukaa sawa. Mara tano zikawa tatu, zikawa mbili, siku nyingine hakuna mbio kabisa. Alikula kipande cha kuku mezani, akakaa, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mzungumzaji akishiba.

Lakini tumbo lilitulia kabla yake. Kuhusu safari bado alikataa, sasa bila kisingizio chochote.

"Na likinishika njiani?"

"Utasimama."

"Nisimame wapi? Mama Vitabu, miaka ishirini na sita sijawahi kuacha usukani nje ya kituo. Watu wale walinijua nimevaa kofia. Wakiniona mara moja tu nakimbilia kichakani nimeshika suruali, ndicho watakachokumbuka. Bora wanikumbuke vile."

Hilo nililielewa, na sikugomba. Nilimwambia sitamlazimisha. Nikamwambia pia kwamba Jumanne nitakuwa nimeketi kwenye kile kiti cha pembeni, ama na yeye, ama na dereva wa kushikiza atakayemwaga vitabu kwenye kona ya kwanza. Jumatatu alasiri nilisikia brashi ya viatu uani.

Sijui nielezeje asubuhi ile. Kobe alikuwa ameoshwa, rangi yake ya kijani imefifia kama nguo iliyofuliwa sana, na rafu zimejazwa vitabu vya zamani vya maonyesho, si vya kuazima. Mkuu wa maktaba alilisema hilo mara tatu. Dereva alipanda, akarekebisha kioo, akaweka gia, na ule mlio wa gia ya kwanza, mkwaruzo kisha mguno, ulinirudisha nyuma miaka yote kwa pamoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na viatu vinanibana. Nikamtazama kwa pembeni. Mikono yake ilikuwa mahali pake.

Kituo cha kwanza, shule, tulikuta wazee watano niliowajua wakiwa walimu vijana. Cha pili, geti la kiwanda, kiwanda hakipo tena, ni ukuta na majani, lakini mtu mmoja alikuwa amesimama pale anatusubiri na kofia yake ya kazi. Cha tatu wakatupigia makofi. Cha nne, mama mmoja aliyejifunzia kusoma ndani ya Kobe, akiwa ameketi sakafuni na mtoto mgongoni, alikuwa amemwokea Dereva keki ya siagi. Alisimama chini ya dirisha mpaka aione imeliwa. Nilimkonyeza Dereva, nikamkanyaga mguu ili asile. Akala kipande kizima, akalamba na vidole.

Dakika kumi baadaye nikaona jasho kwenye shavu lake.

Tulikuwa kwenye barabara nyembamba iliyonyooka, nyumba za chini pande zote mbili, nguo zimeanikwa, hakuna shule, hakuna posta, hakuna kituo chetu chochote. Gari la mkuu wa maktaba lilitufuata nyuma. Dereva aliendesha mita mia nyingine, akapunguza, akaegesha taratibu, wala kitabu hakikutikisika. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele.

"Ngoja nishuke nikabishe hodi mimi," nikasema. "Nitasema ni mimi ninayeumwa."

Alifikiri. Niliona anavyofikiri, na nilijua kabisa kwamba akiniachia nishuke badala yake, kesho atarudi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa uani na hatatoka tena.

"Hapana," akasema. "Tumbo ni langu."

Akavua kofia, akaiweka juu ya dashibodi, akashuka. Mwanamke wa makamo alikuwa anaanika mashuka mbele ya nyumba ya pili. Kupitia dirishani nilisikia kila neno, na nadhani mtaa mzima ulisikia, kwa sababu Dereva akiwa na hofu husema kwa sauti kubwa.

"Dada, samahani. Naomba choo. Nilitolewa mfuko wa nyongo, tumbo langu halisubiri."

"Pita, kaka, pita!" yule mama akasema, akatupa shuka begani. "Uani, mlango wa bluu. Maji yapo kwenye ndoo. Marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo, nayajua hayo!"

Akapita. Nami nikakaa pale nimeshika mlango. Watu wakaanza kutoka. Gari kubwa la kijani lenye rafu halikuwahi kusimama kwenye mtaa ule maisha yake yote mpaka siku ile. Kijana mmoja akauliza tunauza nini. Msusi akatoka na chanuo mkononi, na mteja wake nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa. "Ni maktaba," niliwaambia. "Pandeni mtazame." Wakapanda. Muda si muda mlikuwa na watu tisa mle ndani, wakisoma migongo ya vitabu vichwa vimeinama upande, kama watu walivyokuwa wakifanya zamani, na msusi akauliza kama anaweza kuondoka na kimoja.

Nilimtazama mkuu wa maktaba, aliyekuwa ameshuka kwenye gari lake. Naye alinitazama, akatazama mstari wa watu, kisha akageuka na kuanza kukagua gurudumu la nyuma, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nikafungua mkoba, nikatoa muhuri wa tarehe. Ndiyo, nilikuwa nao. Sikuwahi kuurudisha nilipostaafu, na sijutii.

Dereva alitoka akiwa na mikono inayochuruzika maji, yule mama nyuma yake na taulo. Alipoona mstari alisimama. Nilidhani atarudi ndani. Alipangusa mikono, akarudisha taulo, akaja akasimama chini ya ngazi mahali pake pa siku zote, akaanza kuwashika watu mkono wapande. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Wote walijua alikuwa wapi.

Yule mwenye mashuka alipanda mwisho. Alichagua polepole, akanipa kitabu kinene cha hadithi, kisha akasita.

"Sasa nitakirudisha wapi? Nasikia gari lenyewe ndiyo linakwenda kuegeshwa."

Mkuu wa maktaba alianza kusema kwamba makao makuu yanafunguliwa saa mbili, lakini Dereva alimkatiza kutoka chini ya ngazi.

"Una wiki mbili, dada. Nitakuja kukichukua mwenyewe."

"Utakuja na nini, kaka?"

"Kwa basi. Kwa miguu. Nitafika tu." Akachukua pumzi. "Choo cha kwako nakijua."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, ameshika tumbo lile lile. Miezi minane nilikuwa sijamsikia akiahidi kwenda mahali popote. Nilishindwa kuona vizuri, nikafuta macho kwa kiganja, nikafungua kitabu ukurasa wa nyuma na kupiga muhuri wa Jumanne ya wiki mbili mbele.